Flashi ya Kumtoa Shaweji

Iko nchi ambayo huwezi kuiona kwenye ramani, maana ramani yake ilihifadhiwa kwenye flashi. Zamani ilikuwepo ya karatasi. Ikachomwa moto kwa sherehe, bendi ya polisi ikapiga, na Mheshimiwa Waziri wa Kumbukumbu akatangaza kwamba kuanzia siku ile taifa halitabeba tena mizigo ya makaratasi. Kesho yake flashi ilipochomekwa, ramani haikufunguka. Wizara ikawatuliza wananchi: nchi bado ipo, na hakuna sababu ya mtu yeyote kwenda kuitafuta.

Katika nchi hiyo aliishi Mbaruku, muuza matairi yaliyokwisha tumika, mtu mwenye shingo nene aliyeacha shule darasa la nne kwa kosa la kumjibu mwalimu. Hakuwa mtu wa siasa. Alijua tairi la mbele na tairi la nyuma, basi. Lakini asubuhi moja mdogo wake, Shaweji, alichukuliwa nyumbani kwake akiwa na mswaki mdomoni, na tangu hapo Mbaruku akalazimika kuijua serikali yake kwa karibu.

Shaweji alishtakiwa kwa kucheka.

Mambo yalikwenda hivi. Mheshimiwa Waziri aling'olewa jino. Kwa kuwa jino hilo lilikuwa limeitumikia nchi kwa uaminifu katika karamu nyingi, watu wote waliamriwa kusimama kimya kwa dakika moja, kila mtu hapo hapo alipo, na shughuli yenyewe ikafanyika uwanja wa mpira. Dakika ile ilidumu karibu saa nzima, kwani hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kufungua mdomo. Katikati ya kimya hicho, kutoka majukwaa ya juani, kikasikika kicheko. Polisi wakageuka, wakaona watu wengi. Wakarudi kituoni na majina waliyoyakumbuka. Shaweji alikuwa amewahi kukamatwa mwaka uliopita kwa kuegesha mkokoteni mbele ya benki, kwa hiyo jina lake lilikuwa karibu. Adhabu ya kucheka kwenye kimya cha taifa ni miaka saba.

"Sikuwepo uwanjani, kaka," Shaweji alisema kupitia nondo za mahabusu. "Nilikuwa kwa Mzee Chilumba, kwenye mashine ya kusaga. Asubuhi yote. Umeme unakatika, unarudi, unakatika. Nipo kwenye foleni na ndoo yangu ya mahindi. Na Mzee Chilumba ana kamera pale mlangoni."

"Kamera inafanya kazi au ni ya kutishia wezi?"

"Tangu walipomwibia mota, inafanya kazi."

"Basi umetoka."

"Sijatoka. Mahakama inataka video ya asubuhi nzima, bila kukatwa, ndani ya flashi. Na kamera ya mzee inajifuta mwezi ukiisha." Shaweji alishika nondo kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda haraka, kama watu wanavyokonda mahali ambapo hawaambiwi chochote. "Kaka, nunua flashi nzuri. Nakusihi. Si unajijua kwa kupenda vya bei rahisi."

"Mimi?"

"Saa uliyonipa harusini ilikuwa inarudi nyuma."

*

Ni vizuri ieleweke jinsi nchi ile ilivyoipata Flashi ya Taifa.

Mheshimiwa Waziri alikuwa safarini ng'ambo. Jioni alitoka hotelini kunyoosha miguu, akakutana na kijana mwenye meza ya kukunja anayeuza flashi ya rangi ya dhahabu, kubwa kama kipande cha sabuni, imeandikwa juu yake giga elfu mbili. Bei yake ilikuwa sawa na chakula cha mchana. Mheshimiwa hakuwahi kuona mzigo mkubwa namna ile ukiuzwa kwa bei ndogo namna ile, akajua kwamba amevumbua kitu. Alirudi nyumbani nazo shehena nzima. Akahutubia taifa kwa saa kadhaa. Sheria ikapita siku hiyo hiyo: flashi halali ni hii tu, kilichoandikwa juu yake ndicho kilichomo ndani yake, na mtu akionekana anaipima ahesabiwe kuwa anampima Waziri. Kosa hilo ni miaka mitatu.

Kisha likatokea tatizo dogo. Watu walihifadhi vitu, vikawa havifunguki. Bunge likakaa na kulimaliza: faili lisilofunguka halikuwahi kuwepo, na tukio lililokuwa ndani yake halikutokea.

Nchi ikatulia. Mgonjwa mmoja ambaye taarifa zake za upasuaji hazikufunguka alirudishwa chumba cha upasuaji akatolewe kidole tumbo. Madaktari walipokikosa wakaandika kwamba kimeibwa. Darasa zima la kidato cha nne ambalo matokeo yake yalipotea lilirudia mtihani kila mwaka, na sasa kiranja wake alikuwa na mtoto darasa la kwanza. Serikali yenyewe haikusumbuka, kwa sababu serikali ilikuwa inakumbuka kwa kichwa.

Jambo jingine la kujua ni kwamba kila Flashi ya Taifa iliuzwa ikiwa na ile hotuba ya Waziri ndani yake, na kuifuta ni kosa. Kabla ya kufungua kitu chochote kilichomo, iwe harusi, hesabu za chama cha mazishi au picha za mapafu, hotuba huchezwa kwanza, na watu husimama. Waziri huongea, huongea, halafu ghafla hukwama kidole kikiwa juu na mdomo ukiwa wazi. Hapo watu hupiga makofi na kukaa. Wenye mioyo migumu walinong'ona kwamba flashi imejaa. Lakini watoto walizaliwa wakakuta watu wanapiga makofi pale pale, wakadhani hivyo ndivyo hotuba zinavyomalizika. Wabunge vijana nao walimaliza hotuba zao vivyo hivyo, kidole juu, mdomo wazi, wakingoja.

*

Mbaruku alianzia mahali pa halali, yaani Dawati la Kumsaidia Mwananchi Kuchagua. Alipanga foleni mpaka adhuhuri. Afisa alikuwa mtu mpole mwenye kucha safi.

"Karibu, mwananchi. Umekuja kuchagua?"

"Nimekuja kununua flashi."

"Kununua ni baadaye. Kwanza tunachagua." Afisa alitandika kitambaa cha kijani mezani, akaweka juu yake flashi moja ya dhahabu. "Haya. Chagua."

Mbaruku akaitazama. Akatazama kushoto na kulia kwake. "Ipo moja."

"Serikali imekurahisishia."

"Basi nachukua hii."

"Usiharakishe, mzee wangu. Wanaochagua haraka ndio wanaolalamika baadaye. Itazame. Linganisha."

"Nilinganishe na nini?"

"Na siku zile ulipokuwa huna."

Mbaruku alilinganisha. Nyuma yake foleni ilikohoa. Mwisho akauliza alichotaka kuuliza: "Video ya asubuhi nzima inaingia humu?"

"Inaingia hata ya maisha yako yote."

"Na ukitaka kuitoa, inatoka?"

Afisa aliondoa tabasamu usoni polepole, akalikunja pamoja na kile kitambaa. "Suala la kutoka," alisema, "linashughulikiwa na idara nyingine. Malipo dirisha la tatu. Hongera kwa kuchagua vizuri."

Mbaruku alilipa. Njiani aliipimapima ile flashi mkononi, akahisi jambo ambalo hakulipenda. Ilikuwa inang'aa mno. Yeye mwenyewe alipokuwa na tairi lililokwisha kabisa, hilo ndilo alilolipaka dawa ya viatu mara mbili.

*

Duka la Bi Zuwena lilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya soko la vitambaa, limejaa chaja, waya za masikioni na redio zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ulimi usiofungwa na kitu.

"Mbaruku wa matairi!" alisema. "Si wewe uliyemuuzia shemeji yangu tairi lenye kipara ulilolichonga kashata mpya kwa kisu? Kona ya kwanza tu, likawa utepe."

"Alikwenda kasi."

"Alikuwa anatoka gereji! Na mkono bado ameuinua kuniaga!"

Mbaruku akaitoa flashi ya dhahabu. "Nataka kujua kama hii ni nzima."

Bi Zuwena alifunga mlango. Akawasha feni kubwa mpaka ikaanza kupiga kelele kama inavunjika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sema shida yako tena, ila neno hilo usilirudie."

Mbaruku akamweleza kuhusu Shaweji, foleni, ndoo na miaka saba. Alipofika kwenye miaka saba akajifanya anakohoa.

"Sikiliza, kaka," alisema Bi Zuwena. "Hii ina giga nne. Ukiiambia ina elfu mbili, inakubali, kwa sababu imefundishwa kukubali. Unaweka kitu, inasema ndiyo. Unaongeza, inasema ndiyo. Siku ukija kuchukua, inakuonyesha jina la faili tu, ndani hamna kitu."

"Kama mbunge wa kwetu."

"Hilo umelisema wewe, mimi nilikuwa nasikiliza feni." Alivua miwani, akaifuta. "Mwanangu aliolewa. Harusi yake niliiweka kwenye flashi niliyoiuza kwa mkono wangu huu. Haikufunguka. Kwa sheria ikawa hakuolewa, tukaambiwa ndoa ifungwe upya. Mara ya pili bwana harusi akasema ngoja kwanza afikiri. Mpaka leo anafikiri. Ana watoto wawili sasa huko anakofikiria."

Feni iliendelea kupiga kelele. Mbaruku aliinamisha kichwa.

"Sasa flashi nzuri ni ipi?" aliuliza.

"Kwanza usisome kilichoandikwa juu. Aliyekiandika hakuwa amelipwa aseme kweli. Tazama bei. Kitu cha kubeba mzigo wa lori hakiwezi kuuzwa bei ya maandazi, na ukikuta kinauzwa hivyo, ujue maandazi ndiyo uliyonunua. Mwulize muuzaji: nikiijaza ikigoma, utanirudishia hela yangu? Akianza kukuapia kwa Mungu, ondoka. Halafu unaijaza mpaka juu, pomoni, kisha unafungua ulivyoweka, cha kwanza mpaka cha mwisho. Njia nyingine hakuna."

"Na hiyo ndiyo miaka mitatu."

"Ndiyo hiyo. Yako mitatu na yangu mitatu."

Wakatazamana. Bi Zuwena aliinuka, akaingiza mkono kwenye kopo la maziwa ya unga, akatoa kitu cheusi kidogo cha plastiki, hakina pambo, hakina hata kamba. Kiliandikwa giga sitini na nne kwa herufi ndogo, kama mtu anayeona haya kujisifu.

"Mbona mbaya hivi?" alisema Mbaruku. "Inafanana na kifuniko cha kalamu."

"Unataka kuioa au unataka kuhifadhia?"

Waliipima siku hiyo hiyo, nyuma ya pazia. Bi Zuwena aliijaza nyimbo za taarabu, filamu za mieleka na kila kilichokuwemo kwenye kompyuta yake. Ilichukua muda mrefu. Kila viatu vilipopita uchochoroni, alicheza hotuba ya Waziri kwa sauti kubwa, na wote wawili wakasimama wima mpaka viatu vikapita. Jasho lilimtiririka Mbaruku mpaka kwenye soksi. Mwisho Bi Zuwena akaanza kufungua, faili moja baada ya jingine. La kwanza likafunguka. La katikati likafunguka. La mwisho kabisa lilikuwa mieleka: jitu moja lilimnyanyua jingine na kumbwaga chini, picha safi kabisa, na Mbaruku akahisi macho yakimlowa. Ilikuwa imepita miaka tangu aone kitu ambacho kinarudisha kile ulichokipa.

"Hii nyeusi hakimu hataipokea," alisema.

"Najua." Bi Zuwena alichukua kisu, akaifungua ile flashi ya dhahabu kama anayefungua chaza. Ndani mlikuwa na kidude chembamba kama ukucha, donge la gundi, na nati mbili za baiskeli za kuifanya iwe nzito mkononi. Akavitoa, akapachika tumbo la ile nyeusi ndani ya ganda la dhahabu. "Sasa inataka hotuba. Bila hotuba hakimu hafungui kitu."

"Unayo?"

"Ninayo mama yao, iliyozizaa zote. Wizara walinipa kazi ya kuzijazia flashi hotuba, miaka hiyo. Nimeinakili mpaka kidole kikaota sugu."

"Umewahi kuisikiliza yote?"

"Nina mume, kaka. Maneno yake yananitosha."

*

Mzee Chilumba alikuwa mweupe wa unga mpaka kope. Alipoelezwa shida alitikisa kichwa, unga ukaanguka.

"Video chukua. Ila sikukupa mimi. Wewe ulikuja kusaga."

"Sina mahindi, mzee."

"Basi nunua."

Mbaruku alinunua debe, akalisaga, na mashine ilipokuwa ikinguruma video ikanakiliwa. Wakafungua mwanzo wake tu. Shaweji alionekana anaingia na ndoo ya bluu, anajipanga nyuma ya mama mmoja mwenye kanga, anaegemea ukuta. Saa iko kwenye kona ya picha, tarehe ipo, uso unaonekana. Mbaruku akaona inatosha. Nani ana nafasi ya kutazama foleni asubuhi nzima?

*

Mahakama ilifurika. Shaweji aliletwa amefungwa kwa kamba, kwa kuwa pingu zilikuwa zimeandikwa kwenye flashi na hazikuwepo tena. Hakimu Kisinza alikuwa mtu mzima mwenye macho ya usingizi, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu na aliyekusudia kuumaliza bila kufanya chochote.

Shahidi wa serikali alikuwa koplo.

"Tulisikia kicheko," alisema. "Tukageuka, tukaona mtu. Mshtakiwa naye ni mtu."

"Ulimwona akicheka?"

"Niliona meno, mheshimiwa."

"Ya mshtakiwa?"

"Mshtakiwa anayo meno, mheshimiwa. Aoneshe kama hana."

Shaweji alifunga mdomo. Mwendesha mashtaka aliomba jambo hilo la kuficha meno lizingatiwe.

Kisha akaitwa Mbaruku. Alikabidhi flashi ya dhahabu kwa mikono miwili. Karani aliichomeka, ukuta ukawaka picha ya Waziri, na watu wote wakasimama. Waziri aliongea. Aliongea juu ya maendeleo, juu ya usahaulifu ambao ni adui wa taifa, juu ya kijana mwenye meza ya kukunja. Watu waliyajua maneno yote, na midomo yao ikayafuata bila sauti. Kikafika kidole juu. Mdomo wazi. Mahakama ikapiga makofi, ikakaa, viti vikalia.

Hapo Waziri akakishusha kidole.

Hakuna aliyewahi kukiona kidole kile kikiwa chini. Mwendesha mashtaka aliruka wima. Wengine wakasimama nusu, wakabaki wameinama kama watu waliomwaga kitu. Ukutani, Waziri alikunywa maji, akafuta mdomo, akaendelea.

"...na sheria hii," alisema Waziri, "ni ya majaribio, miezi sita tu. Ikiisha, kila mwananchi atanunua flashi anayoitaka mwenyewe. Aipime. Asipoona kilichoandikwa, airudishe dukani arudishiwe hela yake. Hata hii niliyoishika, jamani, nisiwafiche, mimi nimeinunua tu, sijaipima."

Mwendesha mashtaka alipiga kofi moja, akaona yuko peke yake, akauficha mkono mfukoni.

"Miezi sita?" mama mmoja alisema nyuma kwa sauti. "Si miaka tisa hii? Mwanangu si yuko ndani kwa kupima?"

"Kimya! Karani, zima!" Hakimu Kisinza usingizi ulikuwa umemtoka wote. "Zima hiyo!"

Karani alivuta flashi kwa nguvu hadi akaanguka nayo. Ukuta ukarudi kuwa ukuta. Ikawa kimya kizito kuliko kile cha jino.

"Kuna aliyesikia kitu?" aliuliza hakimu.

Hakuna aliyesikia. Koplo alisema yeye sikio moja lina usaha na jingine lilikuwa linamtazama mshtakiwa.

"Niandike nini, mheshimiwa?" aliuliza karani akiwa bado sakafuni.

"Usiandike."

"Niandike kwamba nisiandike?"

"Toka nje!"

Mbaruku alikuwa bado amesimama kizimbani. Alikuwa haelewi siasa, ila alielewa kwamba walichokuja kukionesha hakijaoneshwa. "Mheshimiwa," alisema, "video ya mashine bado. Iko humo humo, mbele kidogo. Mdogo wangu anaonekana na ndoo yake."

Hakimu alimwita kwa kidole mpaka mezani. Kwa karibu alinuka mafuta ya karafuu. Alinong'ona, na katika kunong'ona akawa mtu mwingine, mchovu na mwenye hofu kama watu wote.

"Mzee mwenzangu. Nikiifungua hiyo video, flashi inakuwa kielelezo. Kielelezo kinakwenda Mahakama Kuu, kutoka hapo Wizarani. Watauliza nani kasikia. Mimi, wewe, huyo mdogo wako, yule mama na mdomo wake. Hakuna atakayebaki. Sasa niambie. Unamtaka ndugu yako, au unaitaka video?"

Mbaruku aligeuka. Shaweji alikuwa anamtazama kwa matumaini makubwa, shingo imenyooka kuelekea ukutani, akingoja picha yake itokee.

"Namtaka ndugu yangu," alisema Mbaruku.

Hakimu Kisinza alitia flashi mfukoni, akagonga meza. Akasema kwa sauti ya kiserikali kwamba mahakama, baada ya kutafakari kwa kina, imegundua kwamba kesi hii haikuwahi kufunguliwa, mtuhumiwa hakuwahi kukamatwa, na watu wote waliomo ukumbini wako majumbani kwao wanaendelea na shughuli za ujenzi wa taifa.

Watu wakatoka haraka, bila kutazamana.

*

Kwenye lango la mahabusu Shaweji aliomba viatu vyake.

"Viatu gani?" askari aliuliza.

"Niliviacha hapa siku niliyoingia."

"Hukuingia."

"Naviona hapo nyuma yako. Vile vya kahawia."

"Vile ni vya serikali. Havina mwenyewe, maana hakuna aliyewahi kuviacha. Nenda nyumbani, bwana, usije ukarudishwa ambapo hukuwahi kuingia."

Basi akaenda peku. Lami ilikuwa inachoma, akawa anakanyaga ukingoni kwenye majani. Mbaruku alivua ndala zake akampa. Shaweji hakuzichukua.

"Umetoka," alisema Mbaruku. "Hilo ndilo kubwa."

"Nimetoka wapi? Si nimeambiwa sikuingia?" Walitembea kidogo. "Ungewaacha waione, kaka. Wiki tatu nilikuwa nakaa gizani najiambia, kipo kitu kimoja kilichoniona, kinajua nilikuwa wapi. Sasa hata mtaani watasema nilicheka, nikahonga."

"Sikuwa na la kuchagua."

"Kwa hiyo hakuna aliyeiona."

Mbaruku alizivaa tena ndala zake. Kisha akasema, "Kamera ya mzee haijajifuta bado. Twende ukaione wewe."

Mzee Chilumba alipomwona Shaweji miguu peku, hakuuliza kitu. Alifunga dirisha kwa gunia, akawaketisha juu ya magunia ya pumba mbele ya kioo kidogo chenye vumbi. Shaweji alijiona akiingia na ndoo ya bluu, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekutana na jamaa aliyemkosa siku nyingi. Akajiona anajipanga. Akajiona anapiga miayo. Taa ikazimika kwenye picha, ikawaka.

"Peleka mbele," alisema Mbaruku. "Mpaka saa ya kimya."

Mzee Chilumba alisita kidogo, kisha akapeleka.

Kwenye picha watu wote walikuwa wamesimama wima. Mama mwenye kanga, mikono ubavuni. Mzee Chilumba mwenyewe, kofia kifuani. Hakuna aliyetikisika. Ila mmoja tu, katikati ya foleni, alikuwa ameiinamia ndoo ya bluu, mabega yanamtetemeka. Akainua uso. Mdomo wazi, macho yamefumba, machozi yanamtoka. Alikuwa anacheka. Alicheka kwa muda mrefu, akajizuia, akatazama pembeni, akaanza tena.

Saa kwenye kona ya picha ilikuwa ile ile. Na amri ilikuwa ya nchi nzima, kila mtu hapo hapo alipo.

 Mbaruku alikumbuka jinsi alivyoikabidhi flashi kwa mikono miwili.

"Mzee," alisema. "Ulijua?"

"Nilikuwepo," alisema Mzee Chilumba.

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza. Ulitaka video."

Shaweji hakuwasikia. Alikuwa ameisogelea ile picha mpaka pua ikakaribia kioo, akiutazama uso wake wa wiki tatu zilizopita, mnene, uliolowa machozi ya kucheka.

"Nilikuwa nacheka nini?" aliuliza.

Mbaruku alimtazama mzee. Mzee alijipangusa unga machoni. Alisema anakumbuka kicheko, sababu yake haikumbuki, na kamera haichukui sauti.

"Rudisha nyuma," alisema Shaweji.

Mzee Chilumba akarudisha. Watu wakasimama wima, na yule mmoja akainamia ndoo.

"Rudisha tena."